Siku Babu Alipotukana

Karama hunitumia sauti, si barua.
Namsikiliza dukani, Langoni, mkono mmoja kwenye mizani,
mteja akisubiri robo yake ya bizari.
Nyuma ya maneno yake kuna upepo wa Malmo,
mlango wa chuma unaojifunga wenyewe,
na mtoto anayeita "Yumma! Yumma!" ngazini
kana kwamba ghorofa zote nane ni uani kwao.

Anasema: Muzna, huku nimekuwa Mwarabu.
Wenyeji wakiutaja mtaa wetu hushusha sauti,
kama mtu anayetaja ugonjwa.
Mwenye teksi usiku huuliza mara mbili, "Kule?"
Na kule kwenyewe, buchani kwa Abu Nizar,
nikifungua mdomo wanacheka:
"Kiarabu hiki umekiokota msikitini?"
Nikawaambia babu yangu katoka Shihri.
Na wewe je?
Nikasema Amu.
Wakaitafuta kwenye simu.
Wakaona punda.

Basi kwa Waswidi mimi Mwarabu,
kwa Waarabu mimi mtu wa punda,
na ajuza mmoja tu wa Mosul, Umm Sinan,
ndiye huniita mwanangu, kwa kuwa nambebea mifuko.
Mkate wake, Muzna!
Anauoka juu ya vigae ndani ya jiko la umeme,
unanukia mofa.
Niliula nimesimama.

Halafu kimya. Nikadhani mtandao.
Kumbe alikuwa akivuta pumzi ya kuuliza:
Babu ilimchukua miaka mingapi
kuacha kuitwa Mshihiri?

Nilifunga duka adhuhuri, nikapanda kwa bibi.
Alikuwa ametoka kutawadha, maji bado yamtona viwikoni.
"Miaka? Nani alihesabu?
Alikuja na mkeka na birika.
Walilala kumi na mmoja chumba kimoja, kwa zamu,
watu wakasema Langoni imejaa Washihiri,
wananuka papa mkavu.
Baba yangu alisema, binti yangu kwa muuza kahawa?
Labda nife.
Watoto walimfuata nyuma: gahawa, gahawa!
Mpaka siku ile punda wa Shekuwe,
kabeba mawe ya matumbawe,
akalikanyaga birika.
Babu yako akafungua mdomo,
na yaliyotoka siyasemi, nina udhu,
lakini yalitoka kwa Kiamu,
safi, hayana kombo,
mpaka na lile la mama wa punda.
Baraza zima likanyamaza.
Kisha mtu akajisogeza, akapiga jiwe kwa kiganja:
'Ndoo, uketi.'
Jioni ile nikamwambia baba, mimi nimekubali."

Nilimrekodia Karama yote hayo.
Alicheka mpaka akakohoa.

Wiki ya pili akaleta jibu:
Nimejaribu. Kijana wa baiskeli kanipitia mguuni,
nami nikamtukana kwa Kiswidi, kwa kituo, mbele za watu.
Akasimama. Akaomba radhi.
Kisha akanisahihisha ngeli.
Pale benchini hakujisogeza mtu.
Ila Umm Sinan, dirishani,
alicheka mpaka ushungi ukamtoka,
na hakuelewa hata neno.

Hiyo sauti sijaijibu, leo siku ya tatu.

Juzi asubuhi aliingia dukani kijana mgeni,
wa Mukalla, wa vita vile,
analala na wenzake sita nyuma ya ghala la saruji.
Shati lake lilipigwa pasi, sijui wapi.
Aliyapanga maneno kichwani kabla ya kuyatoa,
nilimwona, midomo ilikuwa ikijaribu.
Kisha akasema: "Nataka bilibili."

Watoto mlangoni wakalidaka:
Bilibili! Bilibili!
Nami, mjukuu wa Yuslam muuza kahawa,
macho kwenye mizani,
nikacheka nao.

Alilipa shilingi kamili.
Nikamwongezea kiganja kizima, bila kuombwa.
Akakirudisha guniani,
taratibu, punje kwa punje,
akasema ahsante, akalisema sawasawa.

Hilo sikumrekodia Karama.